Bili ya Mbwa Iamuliwe Mbwa Akiwa Mzima

Hotuba kwa wafuga mbwa na paka, Mikocheni, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, madaktari wa mifugo mlioacha kazi zenu asubuhi hii, wazee wangu, dada na kaka zangu mliovumilia foleni ya Mwenge ili kuja kusikiliza habari za mbwa na paka: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie bima ya wanyama wa nyumbani. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, upande wa madai, yaani ule upande ambao watu wanaujia wakiwa tayari wamekasirika. Na kwangu Goba nina mbwa wawili na paka mmoja ambaye sikumnunua wala sikumwalika, alikuja tu akakaa. Kwa hiyo kaunta ninaijua pande zote mbili.

Niseme mapema ili wenye haraka wasipoteze muda. Bima ya mbwa na paka hapa kwetu bado si kitu cha kawaida. Ukiingia ofisi ya bima pale mjini ukaomba bima ya gari, unaulizwa kubwa au ndogo. Ukiomba ya paka, utachekewa kwanza, ndipo uulizwe kama unatania. Bima ya mifugo ipo, lakini ile ni ya ng'ombe, ni ya kulinda mtaji. Sasa kwa nini tunakaa kuzungumzia kitu ambacho wengi hawatakinunua wiki hii? Kwa sababu mikataba ya wenzetu waliotangulia imejaa maswali ambayo na sisi tunapaswa kujiuliza, hata kama bima yetu ni kibubu.

Hebu tumtazame mtoto wa mbwa. Amenunuliwa kando ya barabara, ana wiki nane, muuzaji ameapa kwamba ameshachanjwa, kadi hakuna. Siku ya tano hataki kula. Siku ya sita anatapika povu la njano. Usiku wake anaanza kuharisha damu, na ile harufu ukishaipata mara moja huisahau. Hiyo ni parvo, ugonjwa wa kirusi. Hakuna dawa ya kawaida ya kuua kirusi chenyewe. Kinachomwokoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki ili bakteria wasipenye kwenye damu kupitia utumbo uliochubuka, na mtu wa kumwangalia siku tatu, tano, hata saba. Kwa hiyo bili yake haiji kwa mkupuo. Inakuja kila asubuhi: dripu ya jana, sindano ya leo, kulazwa kwa kesho. Upasuaji unaweza kuwa ghali zaidi lakini jumla yake unaambiwa kabla. Hii inakula taratibu. Siku ya tatu umeshatoa fedha nyingi, mbwa bado amelala chali, daktari anasema tumpe siku mbili zaidi, na watoto wamesimama mlangoni wanakutazama usoni.

Mtu akiulizwa swali la fedha saa hiyo hajibu kwa hesabu. Anajibu kwa huruma, au kwa aibu, au kwa hasira. Nimemwona baba akikopa kwenye simu saa tano usiku kwa ajili ya mbwa, kisha ada ya shule ikachelewa na nyumba nzima ikanuniana. Nimemwona pia mtu mwenye uwezo wake akimtoa mbwa kwenye dripu siku ya pili, kwa sababu tu alihisi anaibiwa. Wote wawili ni watu wema. Walifika pale kaunta bila kuwa wameamua lolote, ndiyo shida. Na hilo ndilo neno langu kwenu leo: bili ya mbwa iamuliwe mbwa akiwa mzima, anakula, anabweka wapita njia.

Kabla sijaiacha parvo, kuna jambo madaktari wamelisema hadi wamechoka, acha nilirudie mimi. Wengi wetu tunachanja mara moja, tunaweka kadi kabatini, tunahesabu tumemaliza. Mtoto wa mbwa anaponyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo, anapata kinga ya mama yake. Kinga hiyo ndiyo hiyo hiyo inayoizuia chanjo isifanye kazi, na inapungua kwa kila mtoto kwa wakati wake. Hakuna anayeweza kuangalia kwa macho akajua imekwisha lini. Ndiyo maana chanjo inaanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka afikishe wiki 16. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki saba anaweza kuwa hajachanjwa kabisa. Na kama parvo imeshaua mbwa uani kwako, usilete mwingine mwezi ujao. Kirusi kinakaa kwenye mazingira miezi mingi. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, uiache dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo.

Nalisema hili kwenye hotuba ya bima kwa sababu mikataba mingi ya nje ina kifungu hiki: ugonjwa unaozuilika kwa chanjo haulipwi kama chanjo haikuwa hai. Kadi ile ya kabatini ni karatasi ya fedha.

Sasa mikataba yenyewe. Wenzetu wa Uswidi walianza kukatia bima farasi na ng'ombe mwaka 1890, mbwa wakafuata mwaka 1924. Uingereza bima ya mbwa ipo tangu 1947. Wamekuwa na muda mrefu wa kubishana, na kila ubishi umeacha kifungu. Ndiyo maana nasema, ukipewa mkataba, iwe umeupata kupitia mwajiri wa nje, au umeishi huko ukarudi na paka wako, au siku kampuni zetu zitakapoamka, usianzie kwenye bei. Anzia kwenye ukurasa wa yasiyolipwa. Bei nafuu huwa na sababu, na sababu hiyo imeandikwa pale kwa herufi ndogo.

Uingereza utakuta aina nne. Ya kwanza inalipa ajali tu. Ya pili inalipa kila ugonjwa kwa miezi 12, basi. Ya tatu inaweka kiasi maalumu kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Ya nne wanaiita ya maisha: kikomo kinajaa upya kila mwaka, ilimradi hujakatiza malipo. Mimi hiyo ya pili siipendi, na nitawaambia kwa nini. Chukua mbwa anayejikuna. Si kupe, si ukurutu, ni mzio wa ngozi, ugonjwa wa kudumu. Mwezi wa kwanza bima inalipa, wa sita inalipa, wa kumi na mbili inalipa. Wa kumi na tatu mbwa bado anajikuna, na sasa ni juu yako. Ukikimbilia kampuni nyingine, wanakuambia huo ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, hatuugusi. Umebaki katikati. Afadhali mtu achukue ya ajali tu, akijua wazi kwamba magonjwa atajilipia, kuliko kununua utulivu wa mwaka mmoja akidhani ni wa maisha.

Kuna na muda wa kungoja. Kwa magonjwa mara nyingi ni siku 14 tangu mkataba uanze. Bima inayokatwa mbwa akiwa tayari anatapika haitamsaidia, na ukificha kwamba alikuwa anatapika, mkataba mzima unaweza kufutwa. Chanjo za kawaida, dawa za minyoo na za viroboto, na kufunga kizazi kwa kawaida havimo; hayo ni matunzo unayoyajua, na bima ni ya yale usiyoyajua. Mnyama akizeeka ada inapanda, na mara nyingine unaambiwa uchangie asilimia fulani ya kila bili.

Halafu kuna fedha unayotangulia kutoa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, ile tunayoiita eksesi. Hapa nimeona watu wengi wakishangaa, kwa hiyo tupige hesabu kidogo. Namba ni za mfano tu. Bili ni shilingi 600,000. Eksesi ni 100,000. Bima inalipa asilimia 80. Utarudishiwa kiasi gani? Inategemea wanaanza na nini. Wakitoa eksesi kwanza, inabaki 500,000, asilimia 80 yake ni 400,000. Wakianza na asilimia, wanapata 480,000, kisha wanatoa eksesi, unabaki na 380,000. Bili ni ile ile, maneno ya tangazo ni yale yale, na shilingi 20,000 imepotelea kwenye mpangilio wa sentensi. Uliza pia kama eksesi inatozwa mara moja kwa mwaka au kwa kila ugonjwa. Mbwa mwenye bahati mbaya anaweza kuugua mara tatu kwa mwaka.

Na mkumbuke neno "utarudishiwa". Mikataba mingi inataka ulipe wewe kwanza, upeleke risiti na maelezo ya daktari, ndipo ungojee. Mwenye bima bila fedha mkononi usiku ule bado ana shida ile ile ya asiye na bima.

Sasa niseme maoni yangu, na ndugu zangu wa kampuni mkiwemo humu mnisamehe. Kama siku moja bidhaa hii italetwa Dar es Salaam, mimi ningetaka waanze na bima ndogo ya mbwa. Wale wa gari mnanielewa: bima ndogo hailipi gari lako, inalipa uliyemgonga. Mbwa wengi wa mji huu ni walinzi. Geti likibaki wazi dakika mbili, kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo anang'atwa kigimbi. Jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hilo lifanyike pale pale bombani kabla ya mabishano. Kisha hospitali, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo si sindano moja, ni safari kadhaa, na kila safari ina nauli na siku ya kazi iliyopotea. Mbwa anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Nani analipa? Kwetu jambo hili huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nimekaa kwenye vikao hivyo. Mwenye kadi ya chanjo ya kichaa iliyo hai anasikilizwa kwa namna moja, asiye nayo kwa namna nyingine kabisa, na ana haki ya kusikilizwa hivyo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Dawa ya mbwa wangu naweza kuiwekea akiba. Deni la mguu wa mtoto wa mwenzangu linaweza kunizidi. Hilo ndilo la kukatia bima.

Kampuni yoyote itakayoleta kitu hicho, hakikisheni ina leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na mkizungushwa kwenye madai kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Watu wengi wanalalamika kwenye magrupu ya WhatsApp na hawajui kwamba ofisi hiyo ipo.

Tuje kwenye kibubu, maana ndicho kilichopo leo. Akiba haiozi, ni kweli, lakini ikikaa kwenye laini ile ile ya simu unayonunulia umeme wa LUKU inayeyuka. Fungua mahali pengine. Kiasi gani? Usikisie. Muulize daktari wako bei za vitu vitatu: siku moja ya kulazwa na dripu, eksirei ya mguu uliovunjika pamoja na kuufunga, na upasuaji wa kutoa kizazi kilichojaa usaha. Huo wa tatu kwa wenye majike ni wa kuogopa. Ugonjwa wenyewe unakuja wiki chache baada ya jike kumaliza joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anazira chakula, wakati mwingine usaha unaonekana na wakati mwingine umefungiwa ndani. Upasuaji wa dharura kwa mbwa mgonjwa una gharama na hatari zaidi kuliko kumfunga kizazi akiwa mzima. Kubwa kati ya bei hizo tatu ndiyo shabaha ya kibubu chako. Kinachozidi hapo unaweza kukiweka hata Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji, kikue kidogo, ila ujue tu kwamba fedha ile haitoki usiku huo huo. Ya usiku wa kwanza ibaki kwenye simu.

Namba ya pili ni kikomo. Mkae, wewe na mwenzako, mseme: kwa ugonjwa mmoja, tunaweza kwenda mpaka hapa bila kugusa kodi na ada. Muiandike nyuma ya kadi ya chanjo. Najua inasikika kama ukatili. Mama mmoja jirani yangu aliniambia, "Baba, mnampangia mbwa bei ya kufa?" Nikamjibu, mama, bei ipo hata tusipoiandika, ila itasomwa na mtu mwenye usingizi na machozi. Alicheka, hakukubali, lakini wiki iliyofuata aliniuliza eksirei ni shilingi ngapi.

Na kuna jambo ambalo mikataba ya Ulaya hailijui: kwetu anayemwona mbwa kwanza si wewe. Ni dada wa kazi, au kijana wa getini. Wewe uko Kariakoo au Dodoma, simu imezima. Yeye anaona mbwa amelala tangu asubuhi na anaogopa kusema, akidhani ataambiwa amempa sumu. Mwachie namba ya daktari, mwachie ya bajaji, na mwambie mbele ya mke au mume wako kwamba mpaka shilingi kadhaa anaruhusiwa kuamua bila kukuuliza. Saa sita za kungoja ruhusa ndizo zinazogeuza bili ndogo kuwa kubwa.

Majirani wenye mbwa wanaweza pia kuchanga pamoja, kama mfuko wa jamii wa VICOBA. Ni wazo zuri likiwa na masharti: aliyeingia na mbwa mgonjwa asilipwe ugonjwa huo, kila tukio liwe na kikomo, na mwenye mbwa wanne achangie kwa wanne. Bila hivyo mfuko utaliwa na boerboel mmoja, yale majibwa makubwa. Na kikundi kisajiliwe, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo.

Siku bili ikija, zungumza fedha mwanzoni, si mwishoni. Sema, "Daktari, nina kiasi hiki, na nikifika hapa unipigie kabla hujaendelea." Omba makadirio kwa maandishi. Uliza kipimo kipi kitabadilisha matibabu. Kama majibu yoyote yataleta dawa ile ile, huenda kipimo kingoje. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu. Madaktari wengi waliopo hapa wataniunga mkono kwamba mteja anayetaja uwezo wake anahudumiwa vizuri kuliko anayesema "fanya chochote" halafu simu haipokelewi. Na daktari awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Anayeuza dawa za mifugo dukani si lazima awe daktari, hata akivaa koti jeupe. Na ikifika mahali daktari anakuambia kwa ukweli kwamba fedha zaidi zinanunua maumivu zaidi, kumpumzisha mnyama kwa sindano ni uamuzi wa heshima. Msihukumiane hapo.

Nimalizie na bili tunazojitengenezea. Oili chafu ya gari kumpaka mbwa mwenye ukurutu: inaingia kupitia ngozi, inalambwa, ngozi inaungua, na ukurutu unabaki. Panado kwa paka: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni kwa mbwa: unatibu kuchechemea, unanunua vidonda vya tumbo na figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimwagiwa paka, atatetemeka mpaka umpeleke akiwa amefungwa kwenye taulo. Homa ya kupe nayo, ukiona fizi zimepauka au mkojo una rangi ya chai isiyo na maziwa, nenda siku hiyo hiyo. Slaidi ya damu ni nafuu, na maabara ya TVLA, wakala wa maabara za veterinari, iko hapo Temeke. Ukiandikiwa dawa ya wiki nne, usiiache siku ya tano kwa sababu amekula.

Madaktari watakaa pale mezani mpaka saa saba. Wapelekeeni kadi zenu, waulizeni zile bei tatu, na mziandike. Asanteni kwa kunisikiliza. Tuanze maswali, naona mzee wa kofia kule nyuma ameshanyoosha mkono tangu niliposema eksesi.